Mwongozo kamili wa kujaza shelfu la vitabu mchanganyiko bila kufilisika

Kila mgeni akija geto kwangu anaangalia shelfu afu anauliza swali lile lile, we unasoma nini hasa? Maana pale kuna riwaya ya upelelezi imelala juu ya kitabu cha tiba, pembeni mashairi ya mfungwa wa Mombasa, chini yake tamthilia ya vita vya Maji Maji, na kamusi imekaa kama mzee wa mtaa. Hakuna mpangilio, au ndo wanavyodhani. Mpangilio upo ila sio wa aina ya vitabu, ni wa maswali, na hicho ndo ntakuonyesha hapa hatua kwa hatua, kuanzia mfukoni hadi kwenye mende.

Mwongozo huu ni wa mtu mdadisi mwenye hela ya kawaida. Kama unataka shelfu la kupigia picha, nunua kwa rangi tu yaishe.

HATUA YA 1: Usiandike majina ya vitabu, andika maswali

Kosa nililofanya mwaka wa kwanza ni kutembea na listi ya vitabu vya lazima usome kabla hujafa. Nikanunua sita, nikamaliza kimoja. Sio kwamba vilikuwa vibaya, ila nilikuwa sina swali navyo, ni kama kumpigia mtu simu afu huna cha kumwambia.

Chukua daftari, la mia mbili kurasa linatosha, andika mambo matano ambayo unajiulizaga kweli. Sio ya kisomi. Yangu ya kwanza yalikuwa: nani alikuwa anabeba mizigo bandarini Zanzibar zamani? Ile habari ya maji kuzuia risasi ilianzaje? Kwanini mashairi ya pwani siyaelewi wakati Kiswahili naongea tangu nazaliwa? Mtu akiumwa porini hakuna hospitali anafanywaje? La tano ni la aibu kidogo, nani kamuua nani, yaani nilitaka tu riwaya ya upelelezi. Na hilo lipewe heshima yake, shelfu lisilo na kitabu cha kujifurahisha linakufa mapema.

HATUA YA 2: Vuta uzi, usiruke

Hapa ndo penye utamu, ngoja nikae kidogo.

Chukua swali moja, tafuta kitabu kimoja kinacholigusa, soma, afu kile kitabu chenyewe kitakupa swali la pili, na la pili litakupeleka kwenye aina nyingine kabisa ya kitabu. Mfano wangu ule wa bandari. Nilimuuliza mzee mmoja anayeuza vitabu chini kwenye turubai, akasema wewe unataka Kuli. Kuli ni riwaya ya Adam Shafi, ilitoka 1979, inamfuata Rashidi na makuli wenzake mpaka kwenye mgomo wa bandari wa Zanzibar wa 1948. Nilimaliza kwa siku tatu, na nilipomaliza sikuwa nawaza siasa, nilikuwa najiuliza hawa watu wakitoka kazini mgongo unauma walikuwa wanasikiliza nini?

Swali hilo likanitoa kwenye riwaya likanipeleka kwenye wasifu. Shaaban Robert ameandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mtoto wa watu wa hali ya chini kabisa, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Ni kitabu chembamba. Unakisoma Jumamosi moja tu.

Sasa ukishamsoma Siti unajikuta unataka maneno yenyewe ya mashairi, unataka kujua yamejengwaje. Hapo nikaingia kwenye ushairi ambao shuleni niliukimbia. Na ukishaingia pwani ya zamani unataka kujua kabla ya hapo kulikuwaje, ndo nikafika kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya fasihi 2021. Riwaya yake ya 1994 imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, imetoka Mkuki na Nyota 2022. Kijana Yusuf, miaka kumi na mbili, anachukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, afu anaenda bara na msafara. Nikafunga kitabu nikauliza, hii misafara ilikuwa hivi kweli?

Basi kuna watu wa enzi hizo walioandika wenyewe, kwa Kiswahili chao. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda hadi Berlin kufundisha Kiswahili, ndiye mwandishi mkuu wa maandiko yaliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten yakachapwa 1903, Desturi za Wasuaheli. Arusi, ngoma, misafara, kuzaliwa, kufa, kila kitu kimo. Na Tippu Tip mwenyewe kaacha maisha yake kwa Kiswahili, japo huyo msome ukijua anayeongea ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayejisifia.

Angalia sasa. Swali moja la kubeba mizigo limenipa riwaya, wasifu, ushairi, tafsiri, kitabu cha mila na tawasifu. Sikupanga mchanganyiko, umekuja wenyewe. Na kila kimoja nilikisoma nikiwa na hamu, maana nilikuwa nadai jibu.

Uzi wa Maji Maji, lile swali la maji kuzuia risasi, ni mfupi zaidi. Anza na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969, afu tafuta utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu vita hivyo hivyo. Uliza tu mbona hawa wawili hawakubaliani, usiku utaisha.

HATUA YA 3: Hakikisha kuna aina hizi, hata kama uzi haujakufikisha

Uzi una ubaya wake, unaweza kukuzungusha kwenye kona moja miaka miwili. Kwahiyo kila baada ya vitabu vitano kimoja kiwe cha nje ya uzi.

Cha kucheka na kukimbia nacho: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Kizanzibari na kiko chake, alianza na Mzimu wa Watu wa Kale. Kama unapenda ngumi na bastola kuna Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Usimwonee mtu aibu kwa kusoma hivi, wengi wetu tulijifunza kusoma haraka kwa hawa.

Cha kigeni kwa Kiswahili: Shamba la Wanyama alilotafsiri Fortunatus Kawegere, au Juliasi Kaizari wa Mwalimu Nyerere. Hiki cha Mwalimu kisome kwa sauti, huyu ni rais aliyekaa akahesabu maneno ya Shakespeare wakati nchi ndo kwanza changa.

Cha kazi, yaani cha kufanyia kitu: mimi ninacho Mahali Pasipo na Daktari, asili yake ni kitabu cha David Werner kilichoanzia vijijini Mexico kwa Kispanyola. Kinaeleza kuosha kidonda, kuhara, mtoto kupungukiwa maji. Ila onyo moja, ukipata nakala ya zamani usifuate dozi za dawa humo, dawa za malaria kwa mfano zimeshabadilika. Dozi muulize mfamasia.

Na kigumu kimoja. Usidanganywe na wembamba. Kusadikika ya Shaaban Robert ni nyembamba na inasomeka vizuri, nchi inayoelea hewani na mtu anajitetea mahakamani. Nagona ya Kezilahabi nayo ni nyembamba, nikaichukua nikasema hii ya kwenye daladala. Nilishuka kituo sicho. Nimeisoma mara tatu na bado kuna sehemu nazunguka.

HATUA YA 4: Pa kuvipata

Anza maktaba, bure au karibu na bure. Kwa Dar ni Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Nyerere Desemba 1967, na mikoani kuna matawi. Kwa Nairobi kuna McMillan, ipo tangu 1931, na za serikali zipo kaunti nyingi. Kanuni yangu ni kwamba kitabu kikubwa cha bei nakisoma kwanza maktaba, nikijikuta narudi kukitafuta mara ya pili ndo nakinunua.

Vya zamani sana kama hicho cha Mtoro, hakimiliki imeshaisha na utakuta vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwenye Internet Archive, unadaunlodi bure kabisa. Tahajia itakusumbua siku mbili za kwanza, baadae unazoea.

Vipya nunua dukani au kwa mchapishaji mwenyewe. Na hapa niseme kitu, kuna nakala zinauzwa barabarani zimetolewa kopi, utazijua kwa maandishi yaliyofifia upande mmoja, picha nyeusi tii, na kava linaloteleza kama nailoni. Bei nusu. Mwandishi hapati hata senti. Mi sinunui, na soko la vitabu vya Kiswahili lilivyo dogo kila nakala halali inahesabika.

Afu kuna mitumba, vitabu vilivyotandazwa chini, wenzetu Nairobi wanaita inama. Hapo ndo nimepata robo tatu ya shelfu langu, na hapo ndo unaweza kupigwa vizuri, kwahiyo twende taratibu.

HATUA YA 5: Kukagua kitabu cha mtumba kabla hujatoa hela

Kisa kwanza. Nilinunua riwaya ya upelelezi, nikafika nyumbani, nikazima simu, nikasoma mpaka saa saba usiku, mpelelezi kawakusanya watu wote sebuleni, kasafisha koo, anataka kumtaja muuaji. Nikafunua. Kava la nyuma. Kurasa za mwisho hazipo. Nilikaa na lile swali miezi minne mpaka nikapata nakala nyingine, na muuaji alikuwa yule niliyemwonea huruma!

Tangu siku ile nakagua hivi, inachukua dakika mbili.

Kitabu kingi hakichapwi karatasi moja moja, kinakuja kwa mafungu yaliyokunjwa, mara nyingi kurasa 16 au 32 kwa fungu. Kwahiyo kikipungua mara nyingi kinapungua fungu zima. Shika kitabu, kiangalie kwa juu kichwani kwenye mgongo, utaona mafungu yamepangana kama vitumbua kwenye sahani. Palipo na pengo pafungue, soma namba. Ukiona kutoka 48 umerukia 65, hapo zimeondoka kurasa 16, rudisha. Wakati mwingine fungu limejirudia mara mbili na lingine halipo, hilo ni kosa la kiwandani, namba tu ndo zitakwambia. Malizia na ukurasa wa mwisho kabisa, soma sentensi yake, inaishia na nukta au inaning'inia?

Pili nusa. Usione aibu. Harufu ya karatasi kuukuu ni tamu kidogo na kavu. Harufu ya nguo iliyokaa na maji ndooni ni ukungu, na ukungu unahamia kwa vitabu vingine, achana nacho hata ukipewa bure.

Tatu fungua katikati taratibu sana. Kama mgongo unalia kaa, gundi imekauka, kurasa zitaanza kudondoka ukifika sura ya tatu. Kilichoshonwa uzi chukua bila kuwaza, utauona uzi katikati ya fungu.

Nne tafuta tundu. Vitundu vidogo vya duara vinavyopita kurasa nyingi ni wadudu. Kigonge kitabu juu ya karatasi nyeupe, ukiona unga unga unadondoka wapo bado.

Tano angalia mihuri. Kitabu chenye muhuri wa maktaba ya shule bila alama yoyote ya kuondolewa rasmi, mi naacha, kuna mtoto mahali anakitafuta.

Bei sasa. Usianze na kile unachokitaka. Shika viwili vitatu, uliza vyote, afu kile chako kiulize kama kwa bahati mbaya.

"Mzee shikamoo, na hiki je?"

"Marahaba. Hicho elfu nane mwanangu."

"Hiki chenye kava limechanika mzee wangu?"

"Kava unasoma? Lete sita."

Nikampa tano na mia tano na salamu za kutosha. Ukishakuwa mteja wake mzuri huhitaji hata kubishana, anakuwekea, na anakwambia ukweli, hiki bado hujafika umri wake kakisome baadae. Mzee wangu aliniambia hivyo kuhusu Nagona. Sikumsikiliza.

HATUA YA 6: Kusoma bila kukwama

Soma viwili kwa pamoja, chepesi na kizito, ukichoka na kimoja unahamia kingine badala ya kuhamia kwenye simu. Riwaya ipe kurasa 50, kama bado haijakushika iweke, sio kesi. Vitabu vizito usivipe hesabu hiyo, vipe muda wa asubuhi.

Mashairi ndo watu wengi wanakwama kwahiyo nieleze. Yanasomwa kwa mdomo. Utenzi una beti za vipande vinne, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane, hesabu kwa vidole. Neno utenzi lenyewe nimewahi kugombana nalo na mwalimu, mi nilisema u-te-n-zi, mizani nne. Kwa mapokeo ya ushairi n ya "tenzi" inaungana na z, kwahiyo u-te-nzi, mizani tatu. Ndo maana nasema soma kwa mdomo, ulimi unajua kabla ya kichwa. Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne, kila mmoja mizani 16, nane kwa nane, na katikati unapumua.

Anza na Utendi wa Mwana Kupona wa 1858, mama wa Pate anamwachia binti yake wosia, beti mia na kidogo tu. Utakutana na maneno kama pulika, yaani sikiliza. Usisimame kila neno, soma ubeti wote kwanza, afu rudi na kamusi. Baada ya hapo nenda Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya karatasi ya kisiasa, akaandika mashairi humo gerezani kwenye karatasi za chooni. Ukijua hivyo unaanza kuelewa kwanini kila neno limebanwa.

Kamusi ninayotumia ni ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, toleo la kwanza lilitoka 1981, ukipata toleo la karibuni bora zaidi. Neno nisilolijua naandika nyuma ya daftari na kitabu nilikolitoa. Maswali mapya yanayozaliwa naandika mbele.

HATUA YA 7: Kulinda mali

Ukikaa pwani adui yako ni unyevu. Shelfu lisigusane na ukuta, acha upana wa vidole viwili hewa ipite, na lisikae ukuta wa upande wa bafu. Vitabu visibanwe kama abiria wa jioni, kidole kiingie katikati. Vile vipakti vidogo vinavyokuja na viatu vipya usitupe, tupia nyuma ya vitabu.

Sakafuni hapana kabisa kwa sababu ya mchwa. Mende wanakula gundi ya mgongo, na kuna kale kadudu kembamba ka rangi ya fedha kanakokimbia ukiwasha taa, kanakwangua karatasi. Kitabu chenye wadudu kifunge kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, funga kabisa, weka friza wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko siku hiyo hiyo, acha mpaka ubaridi wote uishe, la sivyo jasho litatua kwenye karatasi na umetoka kwa wadudu umeingia kwa ukungu. Na mjulishe mama mwenye nyumba kabla, mimi alinitafuta akiwa na samaki wake mkononi, "we mtoto, hiki nini kwenye friji yangu?"

Ukurasa uliochanika usipige selotepu, baada ya miaka inakuwa njano na kutafuna maandishi. Pika uji mzito wa unga wa ngano bila chumvi, paka kidogo sana, bandika ukanda wa karatasi nyembamba, kandamiza na kitabu kizito usiku mmoja. Kava, tumia kalenda ya mwaka jana upande mweupe nje, kama tulivyofanyiwa daftari za shule.

HATUA YA 8: Kuazimisha

Jina la mtu, kitabu, tarehe, na yeye mwenyewe aandike kwa mkono wake, sio wewe. Kimoja kwa mtu mmoja. Ndugu zako pia waandike, hao ndo hatari zaidi. Kwenye daftari langu kuna mstari wa shemeji yangu, Kuli, mwezi wa pili, miaka miwili imepita sasa. Wiki iliyopita nimemkuta kwake kibarazani anamsomea mwanae mkubwa kwa sauti, wapo kwenye mgomo. Nikanywa chai nikaondoka. Kesho napita kwa mzee nimuulize kama ana nakala nyingine.